Leseni Haijafa, Kompyuta Inadai Ushahidi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10, na ambayo pia Office 2016 na Office 2019 zilifikia ukomo wa kuhudumiwa, kauli moja imekuwa ikirudiwa kwenye meza za mafundi wa kompyuta: "Leseni yako imekwisha." Mteja anafika na kompyuta ambayo kwenye kona ya chini ya kioo, upande wa kulia, yametokea maandishi hafifu ya kijivu yanayomtaka aamilishe Windows, yaani aithibitishie Microsoft kwamba nakala yake ina leseni halali; au amefungua Word akakuta juu ya waraka wake onyo kwamba bidhaa haina leseni. Anaambiwa muda umekwisha na anunue nyingine. Analipa bila kubisha, kwa kuwa maelezo hayo yanafanana na habari aliyoisikia kuhusu Windows 10. Maelezo hayo si sahihi, na hasara yake haiishii kwenye bei ya ufunguo mmoja wa bidhaa.

Ukomo wa huduma na ukomo wa leseni ni mambo mawili. Windows 10 iliyonunuliwa kihalali ingali halali leo kama ilivyokuwa jana yake, na bado inaweza kusakinishwa na kuamilishwa; kilichokoma ni kazi ya kampuni ya kuziba mianya ya usalama bila malipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows 7, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020 lakini ikaendelea kuamilishwa baada ya hapo. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya kuamilisha programu ambazo watu wamezilipia ni matatizo ya ushahidi. Mnunuzi anayo haki, ila mashine inamtaka aithibitishe kwa namna ambayo hakuambiwa siku ya kununua, na aghalabu ushahidi wenyewe umebaki mahali pengine: kwa muuzaji, kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, iliyokwisha kutupwa, au ndani ya akaunti ya barua pepe ya fundi aliyemwekea programu. Anayelitazama tatizo kwa jicho hilo hulitatua kwa gharama ndogo. Anayelitazama kama leseni iliyokufa hulipa mara mbili, na anayeliona kuwa usumbufu tu wa kampuni ya ng'ambo huishia kuweka programu ya wizi ambayo nayo huja na wageni wake.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, ni lazima kurudi mwaka 2001, Windows XP ilipotoka. Kabla yake, mtumiaji wa kawaida aliandika namba ndefu iliyokuwa nyuma ya kasha la diski, na basi. Diski moja iliweza kuzunguka mtaa mzima. XP ilileta utaratibu mpya: programu ilisoma vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, ikatengeneza alama ya utambulisho kutokana navyo, kisha ikaiwasilisha alama hiyo kwa kampuni pamoja na ufunguo wa bidhaa. Tangu hapo haki ya mnunuzi ikafungamanishwa na mwili wa mashine. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyohiyo au inayokaribiana nayo, na leo programu nyingi za kulipia za kompyuta za mezani, kuanzia za uhasibu hadi za uchoraji wa majengo, huuliza mahali fulani: wewe ni nani, na hii ndiyo mashine ile?

Jibu hutegemea aina ya leseni, na hapa ndipo wauzaji wetu hukaa kimya kupita kiasi. Kuna leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, ambayo mafundi huiita OEM. Tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, ufunguo wake kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya mazabodi yenyewe, na leseni hiyo huishi na kufa na mashine hiyo. Kuna leseni ya rejareja, inayonunuliwa peke yake, ambayo mwenyewe anaweza kuiondoa kwenye kompyuta moja na kuiweka kwenye nyingine. Kisha kuna leseni za jumla zinazotolewa kwa makampuni, vyuo na serikali. Katika hizo, aina moja hutumia ufunguo wenye idadi maalumu ya mara za kuamilisha, na aina nyingine, iitwayo KMS, huiamilisha kompyuta kupitia seva ya taasisi yenyewe. Aina hii ya mwisho haimpi mtumiaji uamilisho wa kudumu hata kidogo. Kompyuta hupewa siku 180, na katika muda huo hujaribu kila baada ya siku 7 kuongea na seva ya taasisi ili siku zianze kuhesabiwa upya. Ikihamishwa nje ya mtandao wa taasisi, siku 180 zikishapita, maandishi ya kijivu yanatokea.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Mpwa wangu alinunua kompyuta mpakato ya mtumba mwezi Aprili 2025, mashine nzuri iliyotoka Ulaya, ambayo chini yake bado kulikuwa na mabaki ya gundi na nusu ya kibandiko cha namba ya mali ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Katikati ya Oktoba alinipigia simu: "Mjomba, leseni imeisha kama walivyosema." Alikuwa amekwisha kutajiwa bei ya mpya, shilingi laki moja na nusu. Nilipoifungua kompyuta ile, kwenye ukurasa wa uamilisho kulikuwa na namba 0xC004F074, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta imeitafuta seva ya KMS na haikuipata. Windows iliyokuwamo ilikuwa toleo la Enterprise, la makampuni na taasisi, ambalo halitoki kiwandani na kompyuta za kawaida. Ama ilikuwa imebaki kutoka kwa kampuni ya awali, ama duka liliiamilisha kwa ujanja unaoiga seva hiyo. Namba ile haitofautishi. Lakini chini ya Enterprise hiyo, ndani ya mazabodi, ulikuwamo ufunguo halali wa Windows Pro ambao kiwanda kiliuweka. Tulihifadhi mafaili yake kwenye diski ya nje, tukasakinisha upya toleo la Pro, tukaunganisha intaneti, na kabla chai haijapoa kompyuta ilikuwa imejiamilisha yenyewe bila kuuliza namba yoyote. Mpwa wangu alikuwa na leseni ya kweli tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia.

Aprili hadi Oktoba ni takriban siku 180. Kwamba siku hizo ziliishia wiki ileile ambayo huduma ya Windows 10 ilikoma ni sadfa, lakini sadfa ya namna hii hujenga imani nzito, na imani hiyo ikishaingia kwa wateja kumi wa fundi mmoja, inageuka kuwa elimu ya mtaa. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kwamba kazi ya kwanza ya anayekutana na tatizo hili ni kuiuliza mashine swali sahihi kabla ya kutoa fedha. Kwenye Windows, amri ya slmgr /xpr huonyesha iwapo uamilisho ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha, na amri ya slmgr /dli huonyesha leseni imetoka katika mkondo upi: OEM, rejareja au wa jumla. Amri hizo mbili zinaandikwa kwa chini ya dakika moja, na zingewaokoa wengi.

Namba za makosa nazo zinastahili kusomwa kama maelezo ya shahidi. 0xC004F211 husema kwamba vifaa vya kompyuta vimebadilika, jambo la kawaida baada ya mazabodi kuungua na kubadilishwa. Aliyekuwa na leseni ya rejareja, au aliyeiunganisha leseni yake na akaunti ya Microsoft kabla ya ajali hiyo, anaweza kutumia kitatuzi cha matatizo kilichomo kwenye mipangilio ya uamilisho na kueleza kuwa amebadilisha kifaa. Uwezo huo wa kuunganisha leseni na akaunti uliingia Agosti 2016, na mpaka leo sijakutana na duka linalomwambia mteja aufanye siku ya kununua. 0xC004C008 husema ufunguo umetumika kwenye kompyuta nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Kwa aliyenunua dukani kihalali, hiyo ni dalili kwamba ufunguo wake umeuzwa pia kwa mwingine, au kwamba yeye mwenyewe hakuutoa kwenye kompyuta ya zamani. 0xC004C003 ni nzito zaidi: seva imeufungia ufunguo huo.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa nilikalie kidogo, kwa kuwa ni dogo na linasumbua watu bila sababu. Kila kompyuta ina betri ndogo mfano wa sarafu, kwenye za mezani mara nyingi ni CR2032, inayolinda saa na tarehe pale umeme unapozimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikiamini kuwa iko mwaka 2009 au mwaka wowote ambao mtengenezaji aliuweka. Mawasiliano salama ya intaneti hukagua vyeti vya kidijitali vya tovuti na seva, vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine inayoishi mwaka 2009 kila cheti cha leo kinaonekana kuwa bado hakijazaliwa. Hapo seva ya uamilisho haifikiki, programu ya uhasibu inasema leseni si halali, na kivinjari kinalalamika kwa kila tovuti. Katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, na kompyuta za mtumba zina umri wa miaka minane au zaidi, hili si jambo la nadra. Tiba yake ni kubadilisha betri na kurekebisha tarehe, na leseni haikuwa na kosa lolote.

Na pengine kosa liko kwa kampuni yenyewe. Agosti 2007, seva za Microsoft zilizokuwa zikikagua uhalali wa Windows ziliwahesabu wateja halali kuwa wezi kwa muda wa saa kumi na tisa hivi, baada ya programu ya majaribio kupelekwa kimakosa kwenye seva za kazi. Kompyuta zilizoathirika zilikaribia 12,000. Novemba 2018, watumiaji wa Windows 10 Pro waliamka na kuambiwa kwamba leseni zao ni za Home, toleo la chini ya Pro, hitilafu iliyorekebishwa baada ya muda mfupi. Aliyekimbilia dukani asubuhi ile alinunua kitu alichokuwa nacho. Nayataja matukio haya kwa sababu mjadala wetu huanza kwa kumshuku mtumiaji, ilhali mlinzi wa lango naye hukosea.

Sasa tuzipime hoja za pande zote, maana upande wa kampuni una hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Programu hugharimu miaka ya kazi na hunakiliwa kwa sekunde chache. Bila namna fulani ya kuhakiki, mnunuzi mmoja mwaminifu angewalipia watu mia wasiolipa, na bei yake ingepanda kwa sababu hiyo. Hoja hii haiwahusu matajiri wa Marekani peke yao. Kijana wa Arusha au Kisumu anayeandika programu ya mishahara, ya duka la dawa au ya ada za shule, na kuiuza kwa wateja thelathini, hana wanasheria wala jina kubwa la kumlinda. Anachokuwa nacho ni ule ufunguo unaofungamana na kompyuta ya mteja. Akinyimwa huo, atafunga kazi. Kwa hiyo sidai kwamba uamilisho ufutwe. Ninachohoji ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha pale mambo yanapokorogeka, na kwa sasa mzigo wote umetwikwa mnunuzi, ambaye ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote.

Upande wa mnunuzi, hoja ya kawaida ni kwamba "nimelipa, ni yangu." Kisheria jambo hilo halijanyooka hivyo, na mahakama kubwa zimetofautiana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 3 Julai 2012, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba mwenye programu akishaiuza nakala kwa leseni isiyo na kikomo cha muda, hawezi tena kumzuia mnunuzi kuiuza nakala hiyo, hata kama ilipakuliwa kwenye intaneti, mradi muuzaji wa pili aiondoe kwake isitumike tena. Miaka miwili kabla yake, Septemba 2010, mahakama ya rufaa ya Marekani katika shauri la Vernor dhidi ya Autodesk ilikuwa imeona kinyume: aliyelipia AutoCAD, programu ya uchoraji ya Autodesk, alipewa ruhusa ya kutumia tu, hakununua nakala. Tofauti hiyo inatugusa, kwa kuwa kompyuta nyingi za mtumba tunazozipokea hutoka Ulaya, na pamoja nazo huja leseni ambazo huko zinaweza kuuzwa tena. Jimbo la California lilichukua njia ya tatu: tangu tarehe 1 Januari 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali anayetumia neno "nunua" anatakiwa amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale ambapo mteja anaweza kupakua bidhaa na kuihifadhi bila kuhitaji ruhusa tena. Sheria hiyo haimpi mteja umiliki, lakini inamlazimisha muuzaji aseme kweli kabla ya kupokea fedha.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayosikika zaidi, ni ile ya kwamba kwa kuwa kampuni ni tajiri na sisi hatuna, tuweke kiamilishi cha bure tuendelee na kazi. Naelewa inakotoka, bei ya leseni moja ya rejareja inaweza kukaribia bei ya kompyuta ya mtumba yenyewe. Lakini tuiangalie inavyofanya kazi. Viamilishi vingi vya aina hiyo huigiza seva ya KMS ndani ya kompyuta, na ili vifanye hivyo humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi na kuvipa mamlaka kamili juu ya mashine. Mtu hawezi kumkabidhi mgeni asiyemjua funguo zote za nyumba, akamfukuza na mlinzi, kisha akashangaa kukuta kabati limefunguliwa. Desemba 2021, kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi kilichojidai kuwa KMSPico, mojawapo ya viamilishi vinavyojulikana sana, kilivyokuwa kikipandikiza Cryptbot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Kwa mhasibu anayeingia benki kwa kompyuta hiyohiyo, hasara ya siku moja inaweza kuzidi bei ya leseni mara nyingi. Na kama ilivyokuwa kwa mpwa wangu, mara nyingine anayeweka kiamilishi hicho tayari ana leseni halali ndani ya mashine yake. Anaiba kitu ambacho tayari kimelipiwa.

Binamu yake hoja hiyo ni ufunguo wa bei ya kutupa unaouzwa mtandaoni kwa dola chache. Hufanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo. Mara nyingi hutokana na leseni ya jumla ya taasisi fulani iliyokatwa vipandevipande, na kampuni ikigundua, huufungia; mnunuzi hubaki na 0xC004C003 na muuzaji ambaye jina lake la mtandaoni limebadilika. Huyu mnunuzi alikusudia kulipa kihalali. Anastahili kuelezwa zaidi ya kulaumiwa.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuhamia kwenye usajili wa kila mwezi au mwaka, na kwamba tatizo la uamilisho litajimaliza lenyewe. Nadhani wamekosea. Microsoft 365 huhitaji kuwasiliana na seva zake angalau mara moja kwa mwezi hivi, la sivyo hupunguza uwezo wake mpaka mtu aweze kusoma waraka bila kuuhariri. Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya Creative Suite, mkusanyo wake wa programu za picha na usanifu, mwaka 2013 na kuingiza wateja kwenye usajili, na Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu za bidhaa zake mwaka 2016. Katika mfumo huo uamilisho haukuondoka, umekuwa wa kurudiwarudiwa, na juu yake imeongezwa kadi ya benki inayoisha muda, akaunti yenye nywila iliyosahaulika, na intaneti ambayo mwalimu wa shule ya pembezoni anaipata akisafiri. Programu huria kama LibreOffice, inayofanya kazi za Office bila malipo, ni jibu bora kwa wengi, nami ninaitumia. Lakini ofisi inayopokea kila siku mafaili ya Excel yenye fomula nzito kutoka kwa wakaguzi haiwezi kuambiwa tu ihame.

Kama tatizo ni la ushahidi, basi tiba iko kwenye namna ushahidi unavyotolewa, unavyotunzwa na unavyopokewa. Tuanze na risiti. Kompyuta inauzwa, mashine ya EFD inatoa karatasi iliyoandikwa "laptop 1", na hapo biashara imekwisha. Karatasi hiyo haisemi ni toleo gani la Windows, ni la mkondo upi, ufunguo uko wapi, wala iwapo Office iliyoonyeshwa dukani ni sehemu ya mauzo au ni ya majaribio ya mwezi mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja. Kumwonyesha mteja kompyuta iliyoamilishwa huku muuzaji akijua kwamba uamilisho huo utakufa baada ya siku 180 ni kupotosha, na sioni jina jingine linaloweza kupewa kitendo hicho. Si lazima tungoje sheria mpya; zilizopo zinatosha kama mamlaka za walaji zitakubali kwamba leseni ni sehemu ya bidhaa, kama vile injini ilivyo sehemu ya gari.

Mnunuzi naye ana wajibu wake, na hauhitaji utaalamu. Akaunti inayosajiliwa wakati wa kuweka programu iwe yake, kwa barua pepe yake, wala isiwe ya fundi au ya binamu. Kabla ya kumpelekea fundi kompyuta inayohitaji kubadilishiwa mazabodi au diski, programu zinazoruhusiwa kwenye idadi maalumu tu ya mashine ziondolewe kwenye kompyuta hiyo kwa njia ya kawaida ikiwa bado inawaka, maana nafasi isiyorudishwa huhesabiwa kuwa ingali inatumika. Picha ya ukurasa wa uamilisho, iliyopigwa kwa simu siku mambo yakiwa mazuri, ina thamani kubwa siku yakiharibika. Mwenye risiti, namba ya bidhaa na picha hiyo huzungumza na huduma kwa wateja akiwa na la kuonyesha. Asiye navyo hubaki kuomba huruma.

Kwa kampuni, ninaloliomba lina mfano wake. Januari 2013 Adobe ilipozima seva za kuamilisha za Creative Suite 2, iliyotoka mwaka 2005, iliwapa waliokuwa wameinunua nakala isiyohitaji kuamilishwa. Wengi walidhani imegawiwa bure kwa kila mtu na kampuni ikalazimika kufafanua, lakini jambo lenyewe lilikuwa la haki: lango lilipokosa mlinzi, liliachwa wazi kwa wenyeji. Hilo lingekuwa sharti la kila leseni ya kudumu, liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kuuza, hasa kwa kampuni ndogo ambazo zinaweza kufungwa kesho na kuacha wateja wakigonga seva isiyokuwapo. Kijana wa Arusha niliyemtaja hapo juu anaweza kuwa wa kwanza kuliandika kwenye mkataba wake, na wateja wake watamwamini zaidi kwa hilo.

Jambo hili lina muda. Watumiaji binafsi wa Windows 10 wanaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baadaye wenye mashine zinazokidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya vizazi vya karibuni, watahama bila kulipa, kwa sababu leseni halali ya Windows 10 huiamilisha Windows 11 ya toleo lilelile kwenye mashine ileile. Mwenye leseni halali asiyejua kuwa anayo ataambiwa tena kwamba imekwisha. Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi dukani alikonunua kompyuta, akimsindikiza rafiki yake, na kabla ya rafiki kutoa fedha alimwomba muuzaji aandike kwa kalamu nyuma ya risiti: Windows 10 Pro, OEM, ufunguo umo kwenye mazabodi. Muuzaji aliiwasha kompyuta, akaandika amri mbili alizoonyeshwa, akasoma kilichotokea, kisha akaandika.